Tusihesabu Mikia: Panya, Ghala na Wajibu wa Shule

Kila mwaka, baada ya mavuno, wananchi wa vijiji vya pwani ya kusini, tangu Kilwa hadi Kilangala na Lindi mjini, huanza vita ambavyo havijapata kuwa na mshindi wa kudumu. Mahindi yamekwisha kuanikwa, mtama umekwisha kupurwa, makopa ya mihogo yamekwisha kupandishwa darini. Na usiku huo huo panya nao huanza kazi yao. Siku ya pili mwenye nyumba hununua sumu. Siku ya tatu huokota mizoga miwili mitatu, na kwa juma moja hulala usingizi mzuri. Kabla mwezi mwingine haujaandama, mikwaruzo husikika darini kama zamani.

Katika makala hii nakusudia kutoa hoja kwamba vita hivi hatuvishindi kwa sababu tumevielewa vibaya tangu mwanzo. Tumelifanya suala la panya kuwa ni suala la kuua, ilhali hasa ni suala la chakula na maficho. Anayehesabu panya aliowaua hajui kama ameshinda au ameshindwa. Anayepima chakula kilichobaki ghalani ndiye ajuaye. Nakusudia pia kuonyesha kwamba chombo kinachoweza kutusaidia kubadili mwenendo huu kipo tayari katika kata zetu nyingi, nacho ni shule ya sekondari.

Jina moja, wanyama wengi

Jambo la kwanza katika sayansi ni kumjua unayeshughulika naye. Hapa lugha yetu, yenye utajiri mkubwa katika mambo mengine, hutupa neno moja tu, "panya", kuwataja wanyama ambao tabia zao zatofautiana sana. Lugha nyingi za Ulaya zina maneno mawili: moja la panya mkubwa na jingine la panya mdogo wa nyumbani. Mtu akisoma maelekezo ya huko na kuyaeleza hapa, maneno yote mawili huwa "panya", na mwanafunzi hudhani kwamba ushauri uliotolewa juu ya mnyama wa gramu 20 aishiye katika kuta za matofali utamfaa pia mnyama wa gramu 150 aishiye katika makuti. Katika miaka niliyosoma Ulaya nilizoea kuona nyumba ambazo tatizo lao lote lilikwisha kwa kuziba ufa mmoja chini ya mlango. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti haina ufa mmoja; ina mia.

Katika nyumba za pwani yetu, mhalifu mkuu ni panya wa darini, ambaye wanasayansi humwita Rattus rattus. Mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili chake, masikio yake ni makubwa, naye ni hodari wa kupanda. Hutembea juu ya kamba, hupanda ukuta wa udongo, na hujenga kiota chake katika makuti au juu ya boriti. Wa pili ni panya shamba, Mastomys natalensis. Huyu huchimba mashimo ardhini, lakini mavuno yakiisha na shamba likabaki tupu, hufuata chakula kilikohamia. Uzazi wake ni wa kustaajabisha: jike aweza kuwa na chuchu 24, na uzao mmoja hupita mara nyingi watoto kumi. Wa tatu ni panya buku, mwenye uzito wa zaidi ya kilo moja, ambaye huchukua nafaka katika vifuko vya mashavu yake na kwenda kuiweka akiba shimoni.

Huyu panya buku yafaa tumtaje kwa heshima kidogo. Ndiye yule ambaye wataalamu walioko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua viini vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Naye kirukanjia, mwenye pua ndefu na harufu kali, si wa jamii ya panya hata kidogo. Chakula chake ni wadudu, na anayemwua ghalani kwa kudhani ni mwizi wa mahindi amemwua mlinzi badala ya mwizi.

Mgeni wa kale

Panya wa darini si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Asia ya Kusini, na aliletwa hapa na vyombo vya baharini. Wachunguzi wa mambo ya kale wameikuta mifupa yake huko Unguja Ukuu, katika tabaka za udongo za karne za kwanza za mji huo, yapata miaka 1,200 au 1,300 iliyopita. Kilwa ilikuwa bandari katika mtandao huo huo wa biashara. Jahazi lililoleta shanga na vyombo vya kauri lilikuwa na shehena ya chakula, na penye shehena ya chakula hapakosi abiria asiyelipa nauli.

Nayataja haya kwa sababu yana fundisho. Mnyama aliyeishi nasi kwa muda wa karne kumi na mbili ametujifunza. Ametambua saa tunayolala, mahali tunapoweka makopa, na njia ya kutoka jikoni hadi darini. Wahenga walimchunguza kwa makini hata wakasema kwamba panya huuma na kupuliza. Haielekei kwamba mnyama wa namna hii atakwisha kwa kifuko cha unga wa sumu kinachonunuliwa mara moja kwa mwaka.

Hasara ya gunia na hasara ya mwili

Tufanye hesabu ndogo, ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuifuata. Panya wa darini mwenye uzito wa gramu 150 hula kwa siku chakula cha karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 15. Kwa siku 365 atakuwa amekula karibu kilo 5.5. Nyumba yenye panya 20, idadi ambayo si ngeni kwa mtu aliyelala chini ya dari la makuti, itapoteza kilo 110. Hilo ni gunia zima la mahindi, bila kuhesabu punje zilizotobolewa na kuachwa, wala zilizochafuliwa kwa mkojo na mavi. Kwa taifa zima, watafiti wamekadiria kwamba panya huharibu asilimia 5 hadi 15 ya mahindi katika mwaka wa kawaida, na zaidi ya hapo katika mwaka wa mlipuko. Kwa familia ya Kilangala, gunia hilo moja ndilo ambalo lingeivusha katika miezi ya Januari na Februari, wakati akiba ya zamani imekwisha na shamba jipya bado halijatoa kitu.

Hasara ya mwili ni kubwa kuliko hiyo. Mwezi Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa, humu humu mkoani Lindi, ulizuka ugonjwa ambao mwanzoni haukufahamika: wagonjwa walikuwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Serikali ilitangaza mwezi huo kuwa ugonjwa huo ni homa ya mgunda, unaosababishwa na bakteria wa jamii ya leptospira. Hadi siku ya tangazo hilo watu 20 walikuwa wameugua na watatu walikuwa wamefariki. Bakteria hao hukaa katika figo za wanyama mbalimbali, panya wakiwa miongoni mwao, nao hutoka kwa mkojo na kuingia katika maji, udongo na chakula. Mtu huambukizwa kupitia michubuko ya ngozi, macho, au kinywa. Sisemi kwamba kila panya wa darini anao, wala kwamba panya ndio waliowaambukiza watu wa Ruangwa. Nasema kwamba ungo wa unga ulioachwa wazi usiku kucha hauna tena usalama tunaoudhania. Tukikumbuka pia kwamba tauni, ambayo huenezwa na viroboto wa panya, iliwapata watu zaidi ya 7,000 katika nchi yetu tangu ilipozuka Lushoto mwaka 1980, wengi wao wakiwa wa wilaya hiyo hiyo, tutaona kuwa suala hili halimhusu mama mwenye jiko peke yake.

Kwa nini sumu peke yake haitoshi

Wako watakaouliza: ikiwa hasara ni kubwa kiasi hicho, kwa nini tusiongeze sumu? Jibu linatoka katika elimu ya viumbe.

Idadi ya panya mahali popote huwekewa kikomo na chakula na maficho yaliyopo. Tuseme nyumba yaweza kulisha panya 20, na mwenye nyumba amefaulu kuwaua 16. Wamebaki wanne, majike wawili na madume wawili. Mimba ya panya wa darini huchukua majuma matatu hivi, na uzao mmoja huwa na watoto sita hadi wanane. Katika muda wa miezi miwili majike wale wawili waweza kuzaa mara mbili kila mmoja, yaani watoto 28. Hapo awali wengi wa watoto hao wangekufa kwa njaa na kwa kugombania nafasi. Sasa chakula ni tele na nafasi zi wazi, kwa kuwa sisi wenyewe tumewaondolea washindani. Na kama majike hao hawakubaki, watakuja wengine kutoka nyumba ya jirani. Utafiti uliofanywa Morogoro juu ya panya shamba, na kuchapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba idadi yao hutawaliwa na mvua pamoja na msongamano wa panya wenyewe. Kanuni hiyo ya msongamano ndiyo inayofanya kazi darini mwetu.

Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1940. Mji ule ulifanya kampeni kubwa za sumu, na panya waliuawa kwa maelfu. Lakini wanasayansi, akiwamo David E. Davis, walipoendelea kuhesabu, waliona kwamba idadi hupanda tena hadi pale ilipokuwa. Ilishuka na kubaki chini katika mitaa ambayo takataka ziliondolewa na maficho yakazibwa.

Tena panya si mjinga. Huogopa kitu kipya, naye hukionja kidogo kwanza. Akila sumu kali kiasi kisichomwua, akaugua, huihusisha ladha ile na ugonjwa wake, na hatairudia. Sumu zinazozuia damu kuganda, ambazo ya kwanza kuenea ilikuwa wafarini mwishoni mwa miaka ya 1940, zilibuniwa zifanye kazi polepole, panya asitambue kilichomdhuru. Lakini kufikia mwaka 1958 tayari walionekana huko Scotland panya ambao hazikuwadhuru.

Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba sumu haichagui. Fosfaidi ya zinki, ule unga wa kijivu, ikifika tumboni hutoa gesi ya fosfini, na hakuna dawa maalumu ya kuitengua. Sumu za kuzuia damu kuganda zina tiba, ambayo ni vitamini K, lakini ni lazima daktari ajue mtoto amekula nini. Naye atajuaje, ikiwa sumu iliuzwa mnadani katika kifuko kisicho na jina wala maelekezo? Mtoto atambaaye hula kile akipatacho sakafuni. Kuku hula, paka hula panya aliyekula, na bundi naye vivyo hivyo. Sumu ina mahali pake, hasa katika mlipuko wa panya shamba, chini ya usimamizi wa maofisa wa kilimo na kwa bidhaa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mahali pake si chini ya kitanda.

Tulinde chakula, si nyumba

Basi tufanye nini? Wako wanaosema kwamba ushauri wa kitaalamu ni wa watu wenye nyumba za saruji, na kwamba mkulima wa Kilangala hana uwezo wa kuziba paa la makuti. Wasemayo ni kweli. Lakini yatupasa kutofautisha mambo mawili: nyumba ya makuti haiwezi kuzibwa, chakula kilichomo chaweza.

Panya mkubwa hupita katika tundu la upana wa sentimita moja na nusu hivi, na yule mdogo hupita katika tundu la milimita 6 au 7. Kwa hiyo chombo chochote cha bati, pipa lenye mfuniko, mtungi uliofunikwa kwa kigae kizito, au sanduku lililozungushiwa wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 6, ni ghala tosha kwa mahitaji ya jikoni. Kihenge cha bati ni bora zaidi kwa nafaka iliyokwisha kupukuchuliwa na kukauka vizuri. Mifuko ya kuzuia hewa, ambayo siku hizi imeenea, huwashinda wadudu lakini haimshindi panya, hivyo haina budi kuwekwa mahali asipofika.

Kwa mahindi ya vibunzi na makopa, uchaga wa nje ndio dawa. Uinuliwe juu karibu mita 1 kutoka ardhini, na kila nguzo ivikwe kofia ya bati iliyotazama chini mithili ya mwavuli, iliyotokeza kama sentimita 25 kila upande. Mabaharia wetu hawatashangaa, maana ni kanuni ile ile ya visahani vya bati vinavyofungwa katika kamba za meli bandarini. Uchaga uwe mbali na ukuta na matawi ya mwembe, na ngazi iondolewe kila jioni. Ngazi ikiachwa, kofia zote ni kazi bure. Chini yake pafagiliwe, majani yakatwe, vifuu vya nazi na magogo yasirundikwe, kwa sababu panya huchukia kupita mahali peupe ambapo adui aweza kumwona.

Paka je? Paka ni msaidizi mwema, na nyumba isiyo naye imepungukiwa. Lakini penye chakula tele panya huzaa upesi kuliko paka awindavyo. Bundi naye ni mwindaji mkubwa wa panya, na masikitiko yangu ni kwamba bado tunamfukuza kwa mawe kwa kuwa eti analeta msiba. Mwalimu na awapeleke wanafunzi chini ya mti anapolala bundi, waokote vile vitonge vya manyoya anavyovitapika, wavichambue kwa kibanzi. Watakapoona mafuvu ya panya yaliyomo, watamheshimu.

Mitego nayo inafaa, ila kwa sharti moja: itegwe na nyumba zote kwa pamoja. Wahenga walisema wengi wa panya hawachimbi shimo. Iwapo nyumba moja itatega na kumi zitalala, ile moja itakuwa inawaondoa panya wa kijiji kizima mmoja baada ya mwingine, bila mwisho.

Kazi ya shule

Mwaka 1902, katika mji wa Hanoi, utawala wa Kifaransa uliahidi malipo kwa kila mkia wa panya utakaoletwa. Mikia ililetwa kwa maelfu. Kisha wakaonekana mjini panya wasio na mikia, waliokatwa na kuachwa waende wakazae, na ikagunduliwa kwamba wako watu waliokuwa wakiwafuga. Serikali ile ilipata kile hasa ilichokipima, nacho hakikuwa afya ya mji.

Kwa hiyo napendekeza tupime kitu kingine, na wapimaji wawe wanafunzi. Jaribio lenyewe ni rahisi. Chukua vikapu viwili vya mahindi makavu, kila kimoja kilo 10. Kimoja kifunikwe pande zote kwa wavu wa waya, kingine kiachwe wazi kando yake, katika ghala lile lile. Vipimwe kila juma kwa muda wa miezi mitatu. Kile kilichofunikwa nacho kitapungua, kwa kuwa unyevu hutoka na wadudu hula; na tofauti baina ya vikapu viwili ndiyo hasara inayotokana na panya. Hapo mwanafunzi ataelewa maana ya kikapu cha kulinganishia kuliko atakavyoielewa ubaoni. Ili kujua panya ni wengi kiasi gani bila kumgusa hata mmoja, vigae vipakwe masizi na kuwekwa mapitoni usiku, na asubuhi vihesabiwe vile vilivyokanyagwa. Kisha nusu ya nyumba zilizokubali kushiriki zisaidiwe kujenga uchaga wenye kofia za bati na kusafisha mazingira, nusu nyingine ziendelee na desturi, nazo zisaidiwe baada ya miezi mitatu. Vifaa ni mizani, bati, waya na daftari. Tahadhari ni kwamba hakuna mwanafunzi atakayeshika panya, mzoga au mavi yake kwa mkono mtupu, na mikono yote ioshwe kwa sabuni kila siku ya kazi.

Najua walimu watasema mtaala umejaa na mitihani inakaribia. Lakini mada zilizomo ndizo zile zile wanazofundisha: uainishaji wa viumbe, ongezeko la idadi, magonjwa ya kuambukiza, wastani na asilimia. Kilichobadilika ni kwamba majibu hayapo nyuma ya kitabu, na kwamba mzazi atayasikiliza, kwa maana yanahusu gunia lake mwenyewe.

Natumaini walimu wa Kilwa, Lindi na kwingineko watakaofanya jaribio hili wataipelekea halmashauri ya kijiji hesabu yao ya kilo, ipate kusomwa mbele ya mkutano kabla ya mavuno yajayo. Wazee wenye uchaga na wasio nao wakae pamoja, waulizane nani amebakiwa na mahindi mwezi wa Februari.